Mama, Una Shilingi Ngapi?

Mwaka wangu wa pili wa famasia niliusomea ndani ya gari la mkate. Sisemi kwa mafumbo. Lilikuwa gari dogo la mizigo, jeupe, mlango wake wa nyuma ukifungwa kwa waya, na mimi nilikaa mbele na daftari mapajani huku kreti za mkate zikinisukuma mgongoni kila tulipoingia shimo. Watu wakiniuliza siku hizi nilisomea wapi, nataja chuo, maana ndicho kilichotia muhuri. Lakini nikikumbuka peke yangu, nakumbuka harufu ya mkate kwanza, halafu ndiyo yanakuja majina ya dawa.

Tulikaa Makindye, Kampala, chini kidogo ya kambi ya jeshi. Baba alikuwa sajini mstaafu, mtu wa kaskazini, Mwislamu. Mama alikuwa Mkatoliki wa kabila jingine kabisa, na lugha pekee waliyoweza kugombana nayo vizuri ilikuwa Kiswahili. Ndiyo hiyo tuliyokulia. Majirani zetu Waganda, ambao kwao Kiswahili ni lugha ya kambini, walituita watoto wa askari, na kila tulipoongea walidhani tunatukanana. Mimi nilipenda hivyo. Nilipenda kuogopwa kidogo.

Baba alipostaafu alipewa kiinua mgongo chake kwa mkupuo. Ndugu zake kule kwao walisubiri anunue ardhi. Yeye akalipa karo yangu ya diploma, miaka mitatu yote, kisha akaniita sebuleni akaniambia jambo moja tu: miaka iko mitatu, wa nne haiko. Nikajibu ndiyo afande, kwa utani, na hakucheka. Kwa hiyo tuelewane tangu hapa. Chuoni kwetu, aliyeanguka mtihani wa vitendo wa mwaka wa pili alirudia mwaka mzima kwa karo mpya. Mimi nikianguka, safari yangu ilikuwa imeishia hapo, na ardhi ya baba imekwenda bure.

Karo ilikuwa imelipwa, sawa, lakini mtu hasomi kwa karo peke yake. Kuna nauli, kuna koti jeupe, kuna chakula cha mchana, kuna fotokopi, na walimu wetu walipenda fotokopi kuliko watoto wao. Nikatafuta kazi, nikaipata katika duka la dawa huko Kabalagala, jioni tano kwa wiki. Chuo kilikuwa Bukoto, upande wa pili wa jiji. Basi hebu fikiria: asubuhi kutoka Makindye hadi Bukoto, alasiri kutoka Bukoto hadi Kabalagala, usiku kutoka Kabalagala kurudi Makindye, na katikati ya hayo yote uwe umeelewa figo inavyotoa dawa mwilini. Mwezi wa kwanza nauli ilimeza karibu mshahara wote. Mwezi wa pili nikaanza kwenda kwa miguu nusu ya njia, nikachelewa somo la asubuhi mara mbili, na mara ya pili mwalimu akafunga mlango kwa ndani. Niliupiga teke ule mlango. Hasira zangu ziko karibu, sijawahi kuzificha, na mguu uliniuma wiki nzima.

Ndipo nikamwona mtu wa mkate, au tuseme ndipo nilipomwangalia kwa macho, maana alikuwa akipita kila siku. Alikuwa Mkenya wa miaka arobaini na kitu, mlokole, mwenye tumbo dogo la heshima, aliyekuja Kampala kutafuta maisha na kuyapata kwenye kusambaza mkate. Saa kumi na moja alfajiri alisimama kwenye kibanda kilicho mkabala na lango letu, akashuka, akafungua ule waya, akatoa kreti, akafunga waya, akapanda tena, huku akihema. Nikamuuliza anaishia wapi. Akasema Bukoto. Wallahi nilitaka kumkumbatia palepale.

Nilimwambia anipeleke. Alinitazama kuanzia viatu mpaka kilemba, akauliza nitalipa nini. Nikamwambia sina cha kulipa, lakini kwa kila duka nitashuka mimi, nitatoa kreti mimi, yeye abaki kwenye usukani kama waziri. Alicheka akasema panda, waziri anachelewa.

Jamani, yale maisha yalikuwa matamu. Najua nikisema niliamka saa kumi kila siku na kulala saa tano watu wananionea huruma, na mimi huwaambia huruma yao wakampe mwingine. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na nilikuwa najua kitu kipya kila siku. Gari likishuka kutoka Makindye kuelekea Nsambya jiji bado lina giza kidogo, taa za vilima vyote zinaonekana, mkate wa moto nyuma, mhubiri wa redioni anakemea mapepo, na mimi nasoma kwa sauti kwa nini mgonjwa wa vidonda vya tumbo asipewe aspirini. Nilihisi Kampala yote imelala na mimi peke yangu nimeamka kuiandalia dawa. Kufika Bukoto saa moja na nusu nilikuwa nimekwisha kusoma zaidi ya waliolala bwenini. Nilikuwa nikiingia darasani na unga kwenye mikono ya koti, na waliotaka kucheka walicheka, kisha wakaja kuniazima daftari.

Mtu wa mkate hakuweza kukaa kimya. Wiki ya pili alinyanyua mkono akapunguza sauti ya mhubiri, akaniambia nimechoka kusikia wewe ukisoma, leo mimi ni mgonjwa, nihudumie. Akageuza sauti akawa mama mjamzito. Kesho yake akawa mlevi wa Kabalagala aliyepigwa chupa. Kesho kutwa akawa mzee mmoja wa Kiganda anayekohoa, na alikohoa kwa bidii mpaka trafiki akatusimamisha. Mimi nilijibu kutoka upande wangu wa gari: chukua hiki mara mbili kwa siku, hiki usimeze na maziwa, wewe mlevi nenda hospitali ukashonwe. Kila mgonjwa wake, awe mjamzito awe mzee, alimaliza kwa maneno yaleyale: lakini nina elfu mbili tu. Alikuwa mfanyabiashara, na akilini mwake hakuna binadamu anayeingia dukani bila kutaja mfuko wake. Basi ilibidi nimjibu na hilo pia. Baada ya miezi michache nikaanza kumuuliza mwenyewe mapema, ili twende haraka.

Na dukani mambo yalikuwa yaleyale. Mwenye duka alikuwa muuguzi mstaafu, mama mnene mwenye sauti ya chini, ambaye sikuwahi kumsikia akigomba na mtu. Wiki yangu ya kwanza alikuja kijana mwenye cheti cha daktari. Nikafanya kama nilivyofundishwa chuoni: nikasoma, nikauliza jina, nikahesabu vidonge vitano vitano kwenye sinia, nikaandika bahasha kwa mwandiko mzuri, nikamweleza mpaka mwisho. Kijana akanisikiliza vizuri, halafu akasema ana elfu tatu, nimkatie za hizo. Nikamkatia. Akaondoka na dawa ya siku mbili.

Mwenye duka alisubiri atoke, akaniita nyuma ya kabati. Alinieleza kwa upole kwamba nimefanya kosa, na siyo dogo. Dawa moja, akasema, ina watengenezaji watatu au wanne: yuko wa bei ya juu mwenye boksi la kung'aa, yuko wa katikati, yuko wa chini. Ndani ni dawa ileile. Mtu akiingia na aibu yake mfukoni hatakuambia mpaka mwisho, na mwisho tayari umemwekea ya boksi la kung'aa, naye atachukua nusu. Kwa hiyo hapa kwetu, akasema, ukishasalimia tu unauliza ana shilingi ngapi. Ukijua hilo unamchagulia dozi nzima inayoingia kwenye pesa yake. Nusu dozi hatuuzi.

Tangu siku hiyo niliuliza. Mwanzoni nilikuwa naona haya, kisha haya zikaisha. Wateja wa Kabalagala, wapishi, wanamuziki, walinzi wa milangoni, wasichana wa baa, hawakukasirika hata mmoja. Wengine walishusha pumzi. Nilikuwa mzuri katika kazi ile na nilijua kwamba niko mzuri. Nilikuwa naweza kusimama mbele ya kabati la dawa na kukuambia kwa kufumba macho nini kinakwenda kwa elfu mbili na nini hakiendi. Nilirudi nyumbani miguu inawaka moto na moyo umejaa, nikamsimulia mama aliyekuwa akiniwekea chakula, na mama akasinzia huku akiitikia.

Mtihani wa vitendo ukafika. Kulikuwa na vituo sita, kila kimoja dakika kumi, kengele ikilia unahama. Usiku wa kuamkia siku ile sikulala, lakini siyo kwa woga. Nilikuwa kama mtoto wa Idi, nimepiga pasi koti mara tatu. Mtu wa mkate alinikataza kushuka na kreti asubuhi ile nisije nikachafuka. Alishuka mwenyewe, kila duka, akihema.

Kituo cha kwanza nilipewa kinu na mchi, nitengeneze dawa ya maji ya tumbo. Ikatoka laini, hata chembe haikubaki chini. Cha pili kilikuwa hesabu za dozi ya mtoto. Cha tatu ni cheti chenye makosa, nikayakuta yote manne na la tano ambalo nadhani hata wao hawakuliona. Cha nne kilipita sikumbuki hata kilikuwa nini, nakumbuka tu nilitoka nikitabasamu peke yangu kwenye korido. Nilikuwa najiambia huu mtihani ni wangu, leo wataniona.

Kituo cha tano kilikuwa cha mgonjwa. Chuo hakikuwa na pesa ya kuajiri waigizaji, kwa hiyo walichukua wafanyakazi wake, mlinzi, mpishi, yeyote, wakampa kikaratasi cha ugonjwa wake, na mwanafunzi akamhudumia kwa lugha yoyote wanayoelewana. Msimamizi alikaa pembeni na karatasi ya alama. Wetu alikuwa mwalimu mfupi mwenye miwani, mkali, aliyesomea Kenya na kukijua Kiswahili kutuzidi. Kila mtu darasani alijua mpangilio wa ile karatasi. Kwanza hakikisha jina la mgonjwa na umri wake. Pili uliza kama kuna dawa inayomkataa, inayomletea vipele au kumvimbisha. Ukivuruga hapo mwanzo, hata ukimalizia vizuri namna gani, umevuruga.

Nikaingia. Kwenye kiti cha mgonjwa alikuwa mama wa usafi wa maabara. Nilimfahamu kwa sura. Alikuwa mjane wa askari, na yeye alitoka maisha ya kambini kama sisi, ndiyo maana kwenye korido tulisalimiana kwa Kiswahili wakati wengine wote walimsalimu kwa Kiganda. Siku ile aliacha ovaroli lake, akavaa kitenge cha kanisani kwa ajili ya kuigiza. Akanyoosha cheti kwa mikono miwili, akasema habari ya asubuhi, mwanangu.

Sasa, Kiswahili kwangu kilikuwa lugha ya gari la mkate na ya wateja wangu wa Kabalagala. Mdomo wangu haukuniuliza.

"Nzuri, mama," nikasema. "Una shilingi ngapi?"

Kalamu ya mwalimu ilisimama. Mama wa usafi alimgeukia mwalimu, maana jambo hilo halikuwa kwenye kikaratasi chake. Mwalimu hakumsaidia. Mama akanigeukia mimi, akateremsha sauti.

"Niko na elfu nne."

Hapo ndipo nilipojisikia. Nimemuuliza mgonjwa pesa kabla ya jina! Mbele ya mwalimu yule! Nilimwona baba sebuleni amekaa wima. Nilitaka kupiga teke kitu, na mbele yangu kulikuwa na meza tu ya mtihani. Kwa sekunde kadhaa sikujua dawa hata moja duniani. Kisha nikasema samahani mama, naomba nianze upya, nikamuuliza jina lake na miaka yake, nikalinganisha na cheti. Nikauliza kama kuna dawa inayomkataa. Nikauliza kama kuna dawa nyingine anayotumia, akasita kidogo, akasema hapana.

Cheti kilikuwa cha amoksisilini, kifua, siku saba. Mezani waliweka maboksi mawili ya dawa hiyohiyo, moja la kung'aa na moja la kawaida, na kwenye mtihani ungeweza kuchukua lolote. Lakini alikwisha kunijibu. Nisingeweza kujifanya sikusikia. Nikachukua la kawaida, nikahesabu vidonge ishirini na kimoja, nikamwambia elfu nne yake inatosha dozi nzima, kwa hiyo asikubali popote kukatiwa nusu, na hata akijisikia nafuu siku ya tatu aendelee mpaka kiishe cha mwisho. Aliitikia kwa kichwa, kwa makini sana. Nilikuwa nafungua mdomo kumweleza afanye nini akiona vipele, kengele ikalia. Mambo mawili yalibaki sijayasema, na bahasha sikuimaliza kuandika.

Kituo cha sita nilikifanya macho yamejaa machozi.

Kesho yake nilimsimulia mtu wa mkate. Alicheka mpaka akafunga breki, mikate ikaruka, akaegemea usukani akipiga honi kwa paji la uso. Nikamwambia ni wewe. Wewe na elfu mbili zako za kila asubuhi, wewe ndiye uliyenifundisha ujinga huu. Nilimwambia na mengine ambayo siyaandiki. Tulipita maduka matatu, kisha akazima redio, mhubiri akiwa katikati ya sentensi, akaniombea kwa sauti kubwa, macho wazi kwa sababu alikuwa akiendesha, akimkumbusha Mungu kwamba huyu binti ameamka mapema kuliko malaika. Mimi binti wa Mwislamu nikaitikia amina, na nilimaanisha.

Mwenye duka hakucheka hata kidogo. Aliuliza nilimpa boksi lipi. Nikamwambia la kawaida. Akasema vizuri, akaendelea kupanga sirapu. Na baba sikumwambia. Kila jioni aliniuliza matokeo lini, nami nikamwambia bado, nikaenda kuoga. Wiki mbili hizo za kungoja nilijifunza kwamba naweza kufanya kazi zangu zote bila raha hata moja. Nilishuka na kreti, nilisoma, korido ya maabara nikaikwepa kwa aibu, nilihesabu vitano vitano. Mkate ulinuka mkate tu.

Siku moja kabla ya orodha kubandikwa, mwalimu mwenye miwani alituma mtu aniite ofisini. Nilikwenda nikiwa nimeshapanga maneno ya kumwambia baba. Nilikuwa nimeamua nitayasema nikiwa nimesimama.

Alikuwa na karatasi yangu mezani. Hakuniambia nikae.

"Swali lako la kwanza halimo kwenye karatasi yangu," akasema. "Sikuwa na mahali pa kuliwekea alama. Mwanzo nimekupa sifuri. Bahasha sifuri. Mwisho hukumaliza."

Nikasema ndiyo, mwalimu.

"Umepita kwa alama mbili za ziada. Usiende kujitangaza."

Sikumbuki nilifanya nini na miguu yangu. Nadhani niliruka, kwa sababu kalenda ilianguka ukutani. Nilicheka, nikalia, nikaomba msamaha kwa kalenda. Mwaka wa tatu ulikuwa wangu! Nilimwona baba anavyopokea habari, akitoka nje kujifanya anakagua bomba. Nilikuwa tayari mlangoni, nakimbia nisijue nakimbilia wapi, mwalimu akaniambia ningoje, kuna mtu ananitafuta tangu siku ya mtihani, anauliza kila mahali yuko wapi yule msichana wa shilingi ngapi.

Akafungua mlango. Mama wa usafi alikuwa nje kwenye korido, na ovaroli lake, ndoo imewekwa kando. Aliingia akajifuta mikono, akatoa ndani ya blauzi karatasi iliyokunjwa ikawa ndogo kama kiberiti. Ilikuwa laini kwenye mikunjo kwa kufunguliwa mara nyingi. Akanipa mimi, si mwalimu, kwa mikono miwili.

Kilikuwa cheti cha presha, cheti chake kweli, jina lake kweli. Daktari alikuwa ameandika dawa kwa jina la kiwanda, lile la boksi la kung'aa, kidonge kimoja kila siku. Nikamuuliza anaimezaje. Akasema Jumapili. Nilidhani sijasikia, nikauliza tena. Akaeleza kwamba kwenye duka kubwa la dawa walimtajia bei ya boksi, akawaambia hawezi, wakamkatia vidonge vinne vya elfu nne. Vinne ndivyo alivyoweza kila mwezi. Basi akavigawa mwenyewe, kimoja kila Jumapili kabla ya kwenda kanisani. Siku ile ya mtihani nilipomuuliza, kikaratasi chake cha kuigiza hakikuwa na jibu. Akanipa lake.

Nilimtazama mwalimu. Alikuwa amekwisha kukisoma kile cheti, niliona. Akaniashiria kwa kidevu, sema wewe.

Nikamweleza. Nilimwambia lile ni jina la boksi tu, dawa yenyewe ina jina lake, na inatengenezwa na wengine wa bei ya chini, na ndani ni ileile. Nikamwambia presha haijui Jumapili, inataka kila siku, na kwamba kwanza aende akapimwe upya wiki hii kwa sababu muda umepita mrefu. Nilisema polepole, yote, mpaka mwisho, na hakuna kengele iliyolia. Halafu nikamwambia elfu nne yake inanunua ya mwezi mzima.

"Mwezi mzima?"

"Mwezi mzima, mama. Kila siku."

Nilitegemea afurahi. Mimi nilikuwa nimejaa furaha mpaka shingoni, nilidhani inaambukiza. Uso wake ukakaza. Alimtazama mwalimu, akanitazama mimi, na nikaona kwamba huyu mama mpole wa salamu za korido amekasirika, amekasirika kuliko nilivyowahi kukasirika mimi na milango yangu yote.

"Nimekwenda pale dukani miaka miwili," akasema. "Mbona hakuna aliyeniuliza?"

Mwalimu alivua miwani akaifuta, na aliifuta muda mrefu. Nilichukua kalamu mezani kwake, nikaandika jina la dawa nyuma ya cheti kwa herufi kubwa, na njia ya kufika dukani kwetu Kabalagala. Nikamuuliza kama anaweza kuja jioni. Akasema jioni ni mbali, twende pamoja sasa hivi, nimngoje tu amalize kupiga deki korido.